Nakopi picha ya usiku yenye watu kwa rangi za mafuta, giza limenishinda, naombeni ushauri

Brashi_Kavu: Habari wakuu. Najifunza rangi za mafuta, nimeamua kukopi ile ya Van Gogh ya 1888, kibaraza cha mkahawa usiku, mwanga wa njano, watu wamekaa mezani na mhudumu kavaa nyeupe kasimama katikati yao. Mchoro wa penseli umekaa poa, balaa limeanza kwenye rangi. Anga nimepaka nyeusi ya kwenye tyubu nikaongeza bluu kidogo, imekuwa shimo tu, halafu imekauka kuna sehemu inang'aa na sehemu imefubaa. Njano ikigusa anga inageuka kijani. Ila kinachoniumiza kichwa zaidi ni watu, wanaonekana kama stika zimebandikwa. Nianze upya au bado inaokoleka?

Kivuli_Kirefu: Inaokoleka mkuu. Ila umechagua picha ambayo mwenyewe alimwandikia dada yake akajisifia kwamba ni usiku bila nyeusi, ni bluu, zambarau na kijani tu 😂 Ifiche hiyo tyubu. Changanya altramarini na kahawia ya amba, unapata giza zito kabisa, bluu ikizidi giza linapoa, kahawia ikizidi linapata joto, kwa hiyo anga na madirisha ya mbali havitakuwa giza la aina moja. Na amba inakauka haraka, nyeusi nyingi zinakuchelewesha.

mama_paleti: Watu hawana shida, shida ni kingo. Umemzungushia kila mtu mstari mkali pande zote ndiyo maana anabanduka. Hebu finya macho uangalie picha yenyewe, wale wa mezani wanamezwa na viti vyao, huoni mtu anaishia wapi. Anza na doa moja la giza kwa kila mtu, likishakaa sawa mpe mguso wa mwanga upande ulioelekea taa, basi, upande wa pili uache upotee. Nyuso usihangaike nazo, ni miguso tu. Halafu angalia mawe ya barabarani, taa imeyatia rangi ya pinki na zambarau, usipoipaka hiyo watu wako wataelea hewani hata ukiwachora vizuri namna gani.

Brashi_Kavu: Dah, hayo mawe nilikuwa nayapaka kijivu tu. Asante mama. Na nguo ya mhudumu ni nyeupe tupu?

mama_paleti: Hapana, tia njano kidogo. Nyeupe tupu ni baridi, itaua taa yako. Kaitunzie nyota.

fundi_turubai: Hicho kijani ni njano kukutana na bluu mbichi. Ama usubiri anga likauke, ama uanze na njano, uache uwazi mwembamba kati yao na kila rangi iwe na brashi yake. Kufubaa nako ni mafuta kunyonywa na tabaka la chini. Likikauka paka mafuta ya kitani kiasi kidogo sana, futa kwa kitambaa, rangi inarudi. Matabaka ya chini yawe na tapentaini zaidi, ya juu mafuta zaidi, ukigeuza yatapasuka baadaye.

Kivuli_Kirefu: Mimi kwa mtu anayeanza ningemwambia aachane na Van Gogh kwanza, akopi Georges de La Tour, yule Mfaransa wa karne ya 17, mshumaa mmoja watu wawili, mwanga unatoka sehemu moja unaeleweka.

mama_paleti: Kwa La Tour atakwama kwenye ngozi na vidole, ile mipito laini ya mwanga sio mchezo. Huku kwa Van Gogh watu ni wadogo, ukikosea mmoja unamkwangua unampaka tena. Abaki hapo hapo.

fundi_turubai: Naungana na mama. Halafu mkuu, vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye ndoo, vinapata joto vinawaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au viloweke kwenye maji.