Ubuntu inaonyesha joto la prosesa, lakini feni haisomeki

mzawa_wa_newala
Salaam wakuu. Kuna kompyuta ya mezani kwenye ofisi ya ghala la korosho huku Tandahimba: Ubuntu 22.04, prosesa ya Intel i5. Msimu ukianza inashinda imewaka na feni inanguruma. Nimeweka lm-sensors (programu ya kusoma vihisi), ila amri ya `sensors` inaleta coretemp tu, Package id 0 (joto la prosesa nzima) nyuzi 71. Mstari wa feni hakuna hata mmoja, na kwenye BIOS (programu ya bodi inayotangulia kabla ya Ubuntu kuwaka) mzunguko unasomeka vizuri. Tatizo nini?

fundi_shangani
Mkuu, hiyo coretemp ni kihisi kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Feni zinasomwa na chipu nyingine kwenye mazabodi, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, na inahitaji moduli yake ya kerneli, yaani dereva inayopakiwa ndani ya kiini cha Linux. BIOS inaiona feni kwa kuwa yenyewe inaongea na chipu moja kwa moja.

`sudo sensors-detect`

Itauliza maswali mengi; Enter inakubali jibu lililoandikwa kwa herufi kubwa. La Super I/O usilikatae, ndilo linalotafuta chipu ya feni. Yale ya I2C na SMBus (njia nyingine za chipu kuwasiliana kwenye bodi) ukiyahofia jibu `no`, hapa hupungukiwi kitu. Ikikutajia moduli, tuseme nct6775:

`sudo modprobe nct6775`

Ikifanya kazi, andika `nct6775` kwenye mstari wake ndani ya `/etc/modules`, la sivyo ukiwasha upya inapotea.

mzawa_wa_newala
Imekuta NCT6779D na imependekeza hiyo hiyo nct6775. Nimepakia, `sensors` bado vile vile. `sudo dmesg` (ujumbe wa kerneli) ina onyo la ACPI: SystemIO range inayoishia 0x295-0x296, "conflicts with OpRegion".

mnara_lindi
Hapo moduli haina kosa. BIOS imejiwekea milango hiyo ya 0x295 na 0x296 kama yake kupitia ACPI (utaratibu wa BIOS kuueleza mfumo kuhusu vifaa vya bodi), na kerneli inakataa wawili wasiigombanie. Fungua `/etc/default/grub`, mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uwe hivi:

`"quiet splash acpi_enforce_resources=lax"`

Kisha `sudo update-grub`, washa upya.

Hatari yake ni ya kweli: BIOS na Linux zikigusa chipu kwa wakati mmoja, namba zinaweza kuja za ajabu, au mashine kuganda. Kwa kusoma tu, bodi nyingi zinavumilia. Ila usiendeshe `pwmconfig` katika hali hiyo. Ile inasimamisha feni moja moja kuzipima, na kwa mashine yenye nyuzi 71 ni kutafuta balaa. Mwendo wa feni iachie BIOS.

mzawa_wa_newala
Imekubali, shukrani sana. fan2 inasoma mizunguko 2800 kwa dakika, fan1 ni 0 ingawa feni ya kasha inazunguka naiona. Halafu AUXTIN0 inasema nyuzi 127!

fundi_shangani
127 ni pini isiyounganishwa na kihisi chochote, ipuuze. CPUTIN nayo (joto la prosesa kwa kipimo cha chipu ya bodi) usiiamini sana kwenye bodi hizi. Kwa prosesa shika Package id 0.

fan1 kuwa 0: hesabu nyaya za ile feni. Zikiwa mbili ni umeme peke yake, haina waya wa kupeleka mapigo ya mzunguko, kwa hiyo itasoma 0 mpaka ichakae. Hata yenye nyaya tatu, ikichomekwa kwenye pawasaplai badala ya bodi, ni hivyo hivyo.

Kusafisha orodha, tengeneza `/etc/sensors.d/ghala.conf`:

```
chip "nct6779-*"
    label fan2 "Feni ya prosesa"
    ignore temp3
```

temp3 ni mfano tu. `sensors -u` inaonyesha AUXTIN0 yako ni temp namba ngapi. Ukija kuandika skripti, usitegemee jina la folda ya kihisi kama `hwmon2`, namba hiyo inaweza kubadilika ukiwasha upya. Soma faili la `name` ndani ya kila folda ya `/sys/class/hwmon`. Joto humo limezidishwa kwa 1000: 71000 ni nyuzi 71.

mnara_lindi
Nyuzi 71 mashine ikiwa na kazi nzito, kwa joto la huku kwetu, si ya kutisha. Ikiwa haina kazi yoyote na bado ni 71 huku feni iko 2800, basi hewa haipiti au pesti ya prosesa imekauka. Kuthibitisha kama joto ndilo linalopunguza kasi:

`grep . /sys/devices/system/cpu/cpu*/thermal_throttle/core_throttle_count`

Zote zikiwa 0, tangu iwashwe prosesa haijajipunguza kwa joto. Namba ikiongezeka wakati wa kazi, zima, chomoa umeme, fungua kasha. Vumbi la ghalani likichanganyika na unyevu hushikamana kati ya mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kama zulia, na ukiangalia kwa juu huoni kitu. Ng'oa feni ndipo utaliona. Ukitumia bloa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, yakienda kasi kupita kiasi beringi inakufa.

kijana_mikindani
Samahani kudandia mada, je laptop? sensors-detect haikuti Super I/O kabisa.

fundi_shangani
Kwenye laptop feni kwa kawaida iko chini ya chipu ya ndani inayosimamia kibodi na betri. ThinkPad jaribu moduli `thinkpad_acpi`, Dell `dell_smm_hwmon`. Taja modeli yako, kwa sababu zipo nyingi ambazo Linux haipewi namba ya feni kabisa.