Mizeituni ya Lushoto imechanua mara mbili bila kuzaa: tatizo ni mbolea au ni maua yenyewe?

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Assalamu alaykum, na habari za leo ndugu zangu wakulima. Miaka 12 iliyopita nililetewa mche mmoja wa mzeituni, nikaupanda nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga mjini. Ulipokomaa nilikata vipandikizi viwili nikampelekea mdogo wangu huko Lushoto, na vyote vikashika. Leo mti mama umepita paa, una afya, majani yake ni ya kijani juu na rangi ya fedha chini, lakini haujawahi kutoa ua hata moja. Ile miwili ya Lushoto, kinyume chake, imechanua mwaka jana na mwaka huu, mwezi wa tisa.

Mwaka huu nilipanda mlimani kwenda kujionea mwenyewe. Kabla hayajafunguka, maua yalikuwa kama punje za uwele zilizoshikana kwenye vishada, kisha yakawa meupe yenye petali nne ndogo. Baada ya siku kumi hivi ardhi chini ya miti ilikuwa nyeupe, na juu hapakubaki kitu isipokuwa vitunda vichache vya mviringo, vidogo kama pilipili manga, ambavyo havikukua tena. Mdogo wangu ameongeza samadi na maji, jirani yake anashauri kupuliza dawa ya wadudu, nami sitaki tuendelee kutumia fedha kwa kubahatisha. Mzinga wa nyuki upo hatua chache tu kutoka kwenye miti hiyo. Tunakosea wapi?

Mtunza Miche (Soni)

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo mawili, nami ningependa tuyatenganishe, kwa kuwa mti usiochanua na mti unaochanua usizae haina shida moja.

Mti wa Tanga unakosa baridi. Mzeituni ni mti wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na ili utengeneze vichipukizi vya maua unahitaji wiki kadhaa ambazo usiku una baridi ya kweli na mchana hauna joto kali. Pwani yetu haina majira hayo hata mwezi wa saba, kwa hiyo mti utaendelea kuwapa kivuli na majani. Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana watoto wamechanua wakati mama yao hajachanua.

Kuhusu Lushoto, jibu umelitoa mwenyewe uliposema kwamba miti yote miwili ni vipandikizi vya mti mmoja. Kwa macho ni miti miwili, lakini kwa upande wa uzazi ni mti mmoja uliosimama mahali pawili. Mizeituni mingi hujikataa yenyewe: chavua, yaani unga wa kiume wa ua, inapotua juu ya stigma, ile ncha ya kike inayoupokea, ua huitambua kwanza, na likiona kwamba imetoka kwenye mti wenyewe au kwenye pacha wake, huuzuia mrija wa chavua palepale juu, kabla haujashuka hadi kwenye ovari, kifuko kinachogeuka kuwa tunda. Ua lisilotungwa mbegu hudondoka. Vile vitunda ulivyoviona ni maua machache yaliyojaribu kukua bila mbegu, na dalili hiyo hujitokeza sana pale uchavushaji unaposhindwa.

Nyuki hawana lawama hapa. Chavua ya mzeituni husafirishwa hasa na upepo, na nyuki hufika kuokota chavua tu kwa kuwa ua halina nekta ya kuwavuta. Dawa ya wadudu msipulize, maana haitatibu chochote na itawaua nyuki wa mdogo wako. Samadi nayo ikizidi itawapa majani. Wala msitishwe na ule weupe wa chini, kwani hata katika shamba linalozaa vizuri, kati ya maua 100 huwa ni 1 hadi 5 tu yanayofikia kuwa zeituni, na mengine tangu mwanzo ni ya kiume, yaani yana stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua, lakini ovari yake imedumaa.

Mama Pasheni (Bagamoyo)

Shikamoo Mwalimu. Mimi sina mzeituni, lakini jambo hili lilinipata kwenye pasheni ya njano, nayo pia hujikataa. Nilikata vipandikizi kutoka kwenye mmea mmoja nikazungushia ua wote wa nyumba, ukapendeza kwa maua, na tunda sikuliona. (Pasheni ya zambarau haina tabia hiyo, yenyewe hujichavusha.)

Kwa jirani ulikuwepo mmea mwingine wa njano ulioota kwa mbegu. Maua ya aina hii hufunguka karibu na adhuhuri, basi nilichuma machache kwake na kurudi nayo kwangu. Ua likifunguka tu, stigma zake tatu huwa zimesimama juu, kisha polepole hujikunja kushuka hadi usawa wa zile stameni tano, na hapo ndipo pa kuzigusa. Nilisugua unga wa njano wa jirani juu ya stigma za maua 12 na kuyafunga uzi mwekundu. Baada ya siku chache yale yenye uzi yalikuwa yamevimba kama kunazi, na mengine yote yalinyauka yakaanguka. Tangu siku hiyo sijaulaumu tena udongo wangu. Sasa nimepanda mimea mitatu ya mbegu katikati ya ile ya zamani, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti wananifanyia kazi hiyo bure.

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Marahaba mwanangu, nimekuelewa vizuri sana, na ule uzi mwekundu nitauiga. Mtunza Miche, je, nikinunua mche wa aina yoyote nyingine ya mzeituni nikaupanda kati ya ile miwili, nitakuwa nimemaliza?

Mtunza Miche (Soni)

Mwalimu, si aina yoyote. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mizeituni imegawanyika katika makundi mawili tu ya uzazi, ni kama koo mbili ambazo mtu wa ukoo huu lazima aoe ukoo ule. Aina mbili zenye majina tofauti zikiwa za kundi moja zitakataana kama mapacha. Kwa hiyo kabla ya kununua mche, na kungoja miaka, jaribuni kwa tawi.

Vishada vikiwa bado vimefumba, vifungeni baadhi kwa mfuko wa karatasi, msitumie nailoni kwa sababu joto litaviunguza. Pateni tawi lililochanua la mzeituni mwingine, mlitie kwenye chupa ya maji, na maua yakifunguka mlikung'ute ndani ya mifuko hiyo, kisha mfunge tena. Mifuko mingine michache muiache bila kukung'utia kitu ili muwe na cha kulinganisha. Hata tawi la mzeituni mwitu wa milima yetu linafaa kujaribiwa, kwa kuwa kwa spishi ni ndugu wa mzeituni wa shambani, ili mradi yachanue wakati mmoja. Msihofu kwamba zeituni zitakuwa ndogo kama za mwitu: nyama ya tunda hutoka kwa mama, na chavua huamua mbegu tu.

Vishada vya kwenye mifuko vikizaa na vile vya kulinganisha visizae, mtakuwa mmempata mchumba. Mpandeni upande unaotoka upepo wa mwezi wa tisa, karibu kadiri nafasi inavyoruhusu, na wakati akikua mnaweza kuning'iniza ndoo ya maji yenye matawi yake yaliyochanua kwenye miti ile miwili kila msimu.

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Nimempigia mdogo wangu jioni hii. Samadi ameisimamisha, na anasema njia ya kwenda kwenye shamba la mkwewe ina mzeituni mwitu ambao watoto huchuma vitunda vyake vyeusi. Mwezi wa nane ukikaribia kwisha nitapanda na mifuko ya kaki na uzi mwekundu.