Beringi ya mbele inavuma: nibadilishe sasa au baada ya safari ya Morogoro?

Mwana_Uyole
Heshima kwenu wakuu. Gari yangu imeanza kuvuma mbele, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Fundi wa mtaani anasema ni beringi ya tairi, ila itakwenda na kurudi. Mwingine kaniambia nisithubutu. Ijumaa ijayo nampeleka mama na wadogo zangu wawili Morogoro kwenye harusi. Nina njia 3: beringi mpya ya bei ya chini, mpya ya bei kubwa, au habu nzima ya mtumba (kile kitovu ambacho tairi linafungwa, na beringi yake) nifunge kama ilivyo. Ada za shule nimetoka kulipa juzi, hela ya kubahatisha sina. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Fundi_Mwanjelwa
Mkuu, gari gani? Ya mwaka gani? Imeanza kuvuma lini? Ukikata kona sauti inabadilika? Umeipiga jeki ukatikisa tairi? Bila hayo tunapiga ramli.

Kamanda_Hilux
Kabla hujanunua chochote pitisha kiganja juu ya matairi. Yakilika kwa mabonde mabonde yanavuma sawasawa na beringi. Hamisha ya mbele yaende nyuma, uendeshe. Kelele ikihamia nyuma, ni tairi. Nimeshaona watu wanabadilisha beringi 2 na kelele iko palepale.

Mwana_Uyole
Samahani, nilisahau. Ni Corolla 110 ya 1998, dashibodi inasoma km 260,000 na kitu. Mvumo una kama wiki 3. Unaanzia 40, ukifika 80 redio haisikiki vizuri. Nikiyumba kulia unazidi, nikiyumba kushoto unapungua. Matairi ya mbele nilinunua mwezi wa 5. Jeki bado.

Fundi_Mwanjelwa
Hapo umesema kitu. Ukiyumba kulia uzito unalalia kushoto, kwa hiyo ya kuchunguza kwanza ni ya kushoto. Piga jeki, weka na stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza hivyo, mwenzio akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, kaangalie boljointi, kile kiungo cha duara cha chini ya tairi. Likicheza kulia na kushoto tu, kamata tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda tairi. Halafu weka kiganja kwenye springi na mkono mwingine uzungushe tairi: beringi iliyochoka utaisikia inakwaruza mpaka kwenye mifupa ya vidole.

Muda wa kubadilisha hauamuliwi na kilomita. Mvumo bila mchezo, una muda wa kujipanga, lakini ndani ya mji. Mvumo na mchezo, gari isitoke getini.

Kamanda_Hilux
Kama mchezo ni mdogo mwambie fundi akaze nati ya katikati. Mimi nafanya hivyo kila mwaka, naongeza na grisi, maisha yanaendelea.

Fundi_Mwanjelwa
Kamanda, kwa heshima zote, usimpoteze mwenzetu. Hilux yako ya zamani ina beringi za pini zilizolala, ya ndani na ya nje, zinafunguliwa, zinaoshwa, zinapakwa grisi na kurekebishwa kwa nati. Corolla 110 mbele ina beringi moja ya gololi safu 2, imefungwa sili kiwandani na imeingizwa kwa nguvu. Haina marekebisho. Gololi zikishalika, hata ukaze mpaka uning'inie kwenye spana, chuma kilichochubuka hakirudi.

Kamanda_Hilux
Ndiyo maana nasema magari ya zamani yenye vitu vya kufungua na kufunga ndiyo gari za huku kwetu. Nenda Makete na hizo za kisasa msimu wa mvua uone.

Dereva_Chimala
Ngoja niseme yaliyonipata, maana hili jambo bado linaniuma. Nilikuwa na Carina, beringi ya mbele kulia. Nilivumilia mvumo karibu miezi 2 nikisema nikiuza mpunga nitatengeneza. Siku nilipoamua, nikampelekea fundi aliyekuwa karibu. Hakuwa na presi, ile mashine ya kusukuma beringi taratibu bila kugonga. Akaitoa kwa nyundo na tindo, na mpya akaiingiza kwa nyundo vilevile, anagonga pete ya ndani. Nilisimama pale nikaona na sikujua kama ni kosa. Gari ikatoka kimya kabisa, nikamlipa na kumshukuru.

Siku ya 10 mvumo ukarudi. Nikajipa moyo ni tairi. Wiki iliyofuata natoka Uyole jioni, nimembeba mke wangu na mtoto wa miezi 8, tunashuka Inyala. Mbele lori limebeba makontena, nyuma lori. Nikakanyaga breki, pedali ikazama karibu na sakafu. Nikakanyaga tena ikashika. Kona inayofuata hivyohivyo: ya kwanza hewa, ya pili inashika. Usukani unatetemeka. Nikapata mahali pa kuchepuka, nikashuka. Tairi la kulia limelala kwa juu, rimu haishikiki kwa moto, harufu ya grisi iliyoungua. Mke wangu alishuka na mtoto akaenda kukaa mbali na barabara, hakunisemesha.

Tulivutwa mpaka Igurusi. Fundi wa kule alipoifungua akanionyesha: kwenye njia ya gololi kuna vishimo vimepangana, nafasi sawa kwa sawa, ni zile nyundo. Beringi imecheza mpaka diski inazisukuma pedi nyuma, ndiyo maana pedali inazama. Pete ya ndani imezunguka juu ya habu, habu nayo imekwisha. Nililipa beringi, habu, pedi na gari la kunivuta. Mwana_Uyole, wewe unakwenda kushuka mteremko wa Kitonga na mama yako ndani. Mimi nisingelala.

Mwana_Uyole
Pole sana kaka. Hiyo ya pedali imenishtua, kwa sababu jana kwenye matuta ya pale Kabwe pedali ilikuwa ndefu kidogo. Nilidhani ni mafuta ya breki.

Fundi_Mwanjelwa
Basi usisubiri Ijumaa. Kapige jeki leo.

Na Dereva_Chimala kasema kweli. Ukiingiza beringi kwenye chuma chake, kile kinachoibeba, unasukuma pete ya nje. Ukiingiza habu, unaikinga pete ya ndani kwa chini. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi mpya imekufa kabla haijagusa lami. Nati ya shafti ikazwe kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza kwa Nm. Toyota nyingi za aina hii zinataka zaidi ya Nm 200. Fundi akikuambia anaijua kwa mkono, muulize mkono wake unasoma ngapi.

Dada_Njombe
Kamwene! Mimi natetea habu ya mtumba. Ya kwangu nilinunua na chuma chake chote, tukahamisha nzima bila kugonga popote, sasa ni mwaka wa 2 naenda Makambako na kurudi kila wiki, kimya. Kabla ya kulipa niliizungusha sikioni nikatingisha habu. Kwa mtu ambaye jirani yake hana presi, hiyo ni salama kuliko nyundo.

Dereva_Chimala
Dada, uliangukia nzuri. Ya mtumba hujui ilitembea ngapi. Mimi ningefunga mpya zote 2, kushoto na kulia, nimalize.

Fundi_Mwanjelwa
Kulia kama haina mvumo wala mchezo iacheni. Kufungua beringi ambayo bado ni nzuri ni kuiua, haitoki bila kuvutwa. Hela hiyo aiweke kwenye beringi 1 ya uhakika.

Dereva_Chimala
Ya kulia imetembea kilomita zilezile za kushoto. Ikianza Mikumi usiku?

Mzee_Tukuyu
Vijana, mbona hakuna anayeuliza imekufa kwa nini? Kwetu huku mvua haikauki, gari likitoka matopeni linapelekwa kuoshwa kwa pampu ya nguvu. Kijana anaelekeza maji kwenye habu kabisa. Maji yakipita sili, grisi inageuka uji. Mimi waoshaji nawakataza kabisa.

Kamanda_Hilux
Mzee kweli tupu. Na kuvuka mito habu ikiwa ya moto, inanyonya maji. Ndiyo maana mimi nafungua kila mwaka.

Dada_Njombe
Na feki je? Maboksi ya Koyo na NSK, hizi beringi za Kijapani, siku hizi yanafanana mpaka muhuri. Mnazitambuaje?

Fundi_Mwanjelwa
Soma maandishi kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Yawe makali na yalingane na ya boksi. Bei ikiwa nusu ya duka la pili, acha.

Mwana_Uyole
Nimerudi. Kushoto tairi linacheza juu na chini, kidogo lakini linagonga, na breki ikikanyagwa linatulia. Kulia kimya. Gari nimeiacha nyumbani. Mama ameuliza kwa nini tusipande basi, sijamjibu. Mwenye kujua, pale Mwanjelwa wenye presi wanafungua Jumapili?

Mzee_Tukuyu
Baadhi yao baada ya ibada. Wahi kabla ya saa 8, na beringi nenda nayo mkononi.

Kijana_Mafinga
Samahani kuingilia. Noah yangu inavuma nyuma, si mbele. Dalili ni hizihizi?

Fundi_Mwanjelwa
Noah ya mwaka gani, mkuu?