Mjadala: Je, mchumba ni mpenzi yeyote, na je, jina hilo lilitoka chumbani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili neno linalozua ubishi katika vikao vya harusi hapa Moshi. Wapo wanaodai kwamba mchumba ni mtu wa chumbani, hivyo jina hilo halifai kutamkwa mbele ya wazazi. Wapo pia vijana wanaomwita mchumba kila waliyeanza kuzungumza naye juzi. Mimi nasema pande zote mbili zinalivunjia neno hili heshima yake.

Hoja ya chumbani inategemea mfanano wa sauti peke yake. Katika chumba, ch ni kiambishi cha ngeli, ndiyo maana katika wingi inaondoka na tunasema vyumba, na mzizi unaobaki ni ule ule wa nyumba. Katika mchumba, ch haitikisiki: wachumba, uchumba, kumchumbia binti wa watu. Najua mtaniletea mshamba kutoka shamba, lakini sh ya shamba ni ya mzizi, kwa kuwa hata mashambani haituachi. Isitoshe, maana yenyewe inapinga, kwa sababu kwa desturi zetu mchumba ndiye hasa ambaye bado hajaruhusiwa kuingia chumbani.

Atakayetaka kuiona maana hiyo ahudhurie posa huku Kibosho au Machame. Mshenga huweka mezani bahasha yenye barua na kishika uchumba, mbege, ile pombe ya ndizi, ikiwa imeshaandaliwa, lakini bahasha haifunguliwi mpaka binti aitwe na kuulizwa mbele ya shangazi zake kama anamfahamu mwandishi na kama barua ipokelewe. Akiitikia, wawili hao ni wachumba. Kabla ya hapo walikuwa wapenzi, na kwa hali hiyo Kiswahili hakikupungukiwa: tuna mpenzi, muhibu, nyonda na laazizi.

Sheria nayo imeupa uchumba uzito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa, awe mwanamume au mwanamke, kudai fidia mahakamani, na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa. Ndiyo maana linaniuma kumwona binti akitambulishwa kwa jina la mchumba miaka nenda rudi, ilhali hakuna mshenga aliyewahi kupiga hodi kwao. Amepewa jina la ahadi bila ahadi yenyewe, na siku akiachwa, wazazi wake hawana barua wala shahidi wa kumtetea.

Sasa anayeshikilia asili ya chumbani atuletee jina jingine la mtu lililoundwa kutoka jina la mahali huku likibeba kiambishi chake cha ngeli, tulipime pamoja. Na wanaotetea matumizi ya vijana watueleze: aliyekwisha kuposwa tumwite nani?