Nimelipa milioni mbili na laki tatu kwenda kupiga picha mondo, gari halikuzimwa injini hata mara moja

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimerudi wiki iliyopita kutoka Ngorongoro na Serengeti, safari ya siku nne iliyotangazwa kuwa ni "maalumu ya paka wa porini": mondo, simbamangu na chui. Kampuni iko Arusha. Jina siliweki leo kwa sababu nataka barua yangu ya madai iwafikie kwanza. Hela niliyolipa ni 2,300,000, nimeidunduliza mwaka na miezi miwili kwa kupiga picha za harusi na kipaimara hapa Dodoma. Mke wangu ndiye aliyeniambia nenda, umeisubiri sana.

Ahadi ninazo kwenye WhatsApp, sijafuta hata moja. Watu watatu kwa gari, kila mtu na dirisha lake. Kuwa langoni saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa. Vifuko vya mchele vya kuegemeza lenzi. Na mwongozaji "anayewajua paka hawa kama watoto wake".

Tulikuwa saba kwenye Kruza moja. Mimi nilibanwa katikati siti ya nyuma, begi la kamera mapajani, mbele yangu kisogo cha mtu. Vifuko vya mchele havikuwepo, nikakunja sweta langu. Siku ya kreta ya Ngorongoro tuliondoka Karatu saa mbili kwa sababu chai ya hoteli ilichelewa na dereva alikuwa hajajaza mafuta. Tukateremka kwa njia ya Seneto saa nne na ushee, jua limeshapanda. Mnaowajua mondo mnaelewa maana yake: anatembea sana alfajiri na jioni, jua likiwa kali anajilaza kwenye majani na unaweza kumpita hatua kumi usimwone.

Lakini tulimwona, na hapo ndipo panaponiuma.

Ilikuwa upande wa kinamasi cha Gorigor. Kwenye gari tulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, ana darubini yake ya zamani. Yeye ndiye aliyesema taratibu, "Mwanangu, yale masikio ni ya nani?" Masikio mawili makubwa juu ya nyasi, na kwa nyuma yana lile doa jeupe. Dereva akatazama akasema, "Huyo mtoto wa duma." Mtu aliyelipwa kutuonyesha paka! Mama akamjibu kwa upole kwamba duma hana masikio ya namna ile. Akanyamaza.

Mondo alikuwa anawinda. Alisimama kabisa, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, kichwa amekiinamisha upande kidogo, masikio yanazunguka moja moja. Mnyama huyu hawindi kwa macho kama duma, anawinda kwa kusikia. Panya akitafuna chini ya majani, hata akichakura ndani ya shimo, mondo anamsikia, anaruka juu na kumwangukia kwa miguu ya mbele. Mtafiti Aadje Geertsema aliwafuatilia mondo ndani ya kreta hiyo hiyo na akachapisha kazi yake 1985: karibu nusu ya mirukio yao inazaa matunda, kiwango ambacho simba hafikii. Siku ya upepo mkali wanapunguza kuwinda kwa sababu kelele za nyasi zinaficha sauti ya panya.

Sasa fikirieni, upepo tu unamsumbua, sisi tumesimama mita kumi na tano na injini ya dizeli inanguruma.

Nikamwambia, "Kaka, naomba uzime." Akasema subiri. Nikaomba tena. Mara ya tatu ndipo akasema ukweli: betri imekufa, akizima gari haliwaki mpaka lisukumwe, na ndani ya kreta nani ashuke kusukuma? Yaani kampuni imetoa gari lenye betri mbovu kwa safari ya picha, na wanajua. Mwenye lenzi ya milimita 500 anaelewa hata upande wa pili wa shida: gari likitetemeka, picha inatetemeka. Nina fremu 212 za mondo yule. Zilizokaa vizuri hazifiki tano, na zote ni za mgongo.

Halafu akachukua redio akawaita wenzake. Ndani ya dakika chache magari yalikuwa sita, moja likajipenyeza katikati yetu na mnyama, abiria mmoja akapiga mluzi ili ageuke. Mondo akashusha mguu. Akatutazama mara moja, akaingia kwenye matete. Mama mwalimu alishusha darubini akasema, "Tumemnyima chakula chake." Hakuna aliyemjibu.

Seronera, kule Serengeti, sitaki kuielezea sana. Chui alikuwa kwenye mgunga kando ya mto, magari yamejaa, wetu akatoka barabarani akakata kwenye nyasi ili apate nafasi ya mbele, jambo ambalo dereva yeyote wa Serengeti anajua ni kosa. Nilimwambia arudi, akasema, "Bosi, si ndicho mlicholipia?" Hapana. Sikulipia hicho. Simbamangu hatukumtafuta hata kwa saa moja.

Nimewapigia simu niliporudi. Jibu: "Kaka, wanyama ni wa porini, hatuwezi kukuhakikishia utawaona." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Mimi sikudai mondo. Ningekaa siku nne nisione hata unyoya, nikarudi nimeridhika, kama tungekaa kimya mahali pazuri kwa saa zinazofaa. Ninachodai ni vile ambavyo havimtegemei mnyama: idadi ya watu ndani ya gari, saa ya kutoka hotelini, betri, kifuko cha mchele, na dereva anayejua mondo ni nani. Vyote hivyo viko mikononi mwao, na vyote nililipia.

Na msiniambie ni kwa sababu ni bei ya wazawa. Mtanzania akilipa amelipa. Isitoshe, mondo hajui aliyemo ndani ya gari amelipa shilingi au dola.

Barua imeshaandikwa: nadai nusu ya hela yangu na fidia kama hiyo kwa wenzangu sita, ambao wanne wameshakubali kusaini. Nakala inakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii, maana leseni zao zinatoka huko, pamoja na risiti, picha za yale mazungumzo ya WhatsApp na video ya sekunde 40 ambayo injini inasikika kuliko kitu kingine chochote. Nawapa siku kumi na nne.

Ninachoomba kwenu: aliyewahi kudai hela kwa kampuni ya utalii akalipwa aniambie alipitia wapi. Na kama kuna anayemjua dereva anayezima gari na kukaa kimya, anitumie ujumbe. Nataka kurudi Gorigor, na mama mwalimu amesema atakuja.