Hilux D-4D presha ya mafuta iko chini: SCV mpya, pampu na noozeli, au nianze na tanki?

Mbolea_Njombe
Wakuu, naombeni msaada, gari hii ndiyo inalisha nyumba. Ni Hilux Vigo ya 2009, injini ya 1KD lita 3.0. Nikitoka Dar na mifuko ya mbolea, tambarare inakwenda vizuri. Nikishika mlima wa Kitonga tu inakata nguvu, taa ya injini inawaka, hata nikikanyaga mafuta haitiki. Nikizima na kuwasha inakubali kidogo, kisha inarudia. Mashine ya kupima imesoma kodi ya kosa P0087, presha chini kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa noozeli). Asubuhi napiga stata muda mrefu ndipo iwake.

Mafundi watatu, kauli tatu. Wa kwanza anataka nibadilishe vali ya SCV. Wa pili ashushe pampu na noozeli zote 4, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Wa tatu anasema nisinunue kitu kwanza, aanze na filta na tanki. Nishike lipi?

MzeeWaReli
SCV mkuu. Hiyo ndiyo inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu, ikikwama pampu inakosa cha kusukuma. Inafungwa kwa boliti 2 tu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikafunga mpya, mwaka wa 3 huu sijagusa. Ila ukishafunga, mashine iifundishe pampu upya. Wengi wanaruka hapo, halafu wanailaumu spea.

FundiDizeli_Mbeya
Pole ndugu. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe? SCV ikianza kukwama, mara nyingi sailensa inacheza. Wewe hujasema hivyo. Umesema stata ya asubuhi, na hilo ndilo lililonishtua.

Hilux hii haina pampu ya umeme ndani ya tanki. Pampu ya kwenye injini inavuta mafuta yenyewe, kwa hiyo bomba lote kutoka tanki liko kwenye hali ya kuvuta. Likipasuka, injini ikiwaka halimwagi dizeli, linanyonya hewa. Chini ya gari pakavu, na fundi anaapa hakuna tatizo.

Kesho kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini kama chungwa bovu na inachukua mibonyezo mingi mpaka ikaze, mafuta yamerudi tanki usiku. Kisha funga kipande cha mpira unaoonesha ndani, kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita mfululizo, umepata njia. Mwisho funga dumu la dizeli safi kwenye bodi, mpira wa kuvuta na wa kurudisha viingie humo, upande mlima mfupi. Nguvu zikirudi, pampu yako haina kosa. Usiende mbali, mafuta yanayorudi ni ya moto.

Tafadhali, mtu asilegeze bomba la presha injini ikiwaka. Humo inaweza kufika baa 1,600. Inapenya ngozi.

Mkulima_Nyeri
Mimi nilianza na noozeli. Fundi aliniambia zinarudisha mafuta mengi, nikauza ng'ombe nikanunua zote nne. Gari ikabaki vile vile. Shida ilikuwa chujio ya ndani ya tanki, imejaa uchafu kama matope. Bado inaniuma. Noozeli moja mpya imeshinda SCV kwa bei, hizo ziwekwe mwisho.

FundiDizeli_Mbeya
Kweli, na kwenye 1KD bomba la kurudisha la noozeli liko chini ya kava ya vali, huning'inizi chupa nne za kupima mafuta yanayorudi kirahisi kama kwenye injini nyingine. Anza na namba za mashine: masahihisho ya mafuta ya kila noozeli kwenye sailensa yasizidi 3 juu au chini. Anayekwambia noozeli mbovu bila kukuonesha namba anakisia.

Na jaza mafuta kwenye kituo unachokiamini. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaimaliza.

Mbolea_Njombe
Nimerudi wakuu. Pampu ya mkono ilikuwa laini kabisa, nimebonyeza mara 30 na zaidi. Noozeli zote ziko chini ya 2. Kwa dumu, gari ilivuta kama zamani. Tukafuata bomba kwa tochi: mpira wa chini ya kabini, pale palipokazwa klipu siku za nyuma, una ufa mwembamba kama alama ya kucha. Ukiunyoosha hauonekani, ukiukunja unafunguka.

Nimeweka mpira mpya wa dizeli, klipu mbili, na filta mpya. Jana nimepanda Kitonga na mbolea, mashine imechomekwa: inaombwa MPa 135 (MPa 1 ni baa 10), inatoa 132. Kabla ya hapo iliombwa 120 ikatoa 70.

MzeeWaReli
Hongera sana. Gari ikishafika kilomita nyingi SCV bado iangalie, lakini hapa mwenzangu wa Mbeya amenishinda. Huo mpira ulinunua wa ukubwa gani? Wa kwangu nao nataka kuukagua Jumamosi.