Mbuzi wa Mwaka Jana

Kikundi: UKOO – SIKUKUU 🚲

Idi 18:02
Ndugu zangu, mbio za baiskeli za Eid pili ziko palepale. Nataka majina LEO.

Idi 18:03
Na mwaka huu kuna kanuni. Nimesoma habari za Wafaransa na mbio zao za baiskeli, Tour de France, haya yetu yote walishayapitia zamani.

Mama Abuu 18:31
Siku hizi hata salamu hakuna?

Idi 18:31
Assalam alaykum dada. Abuu nimwandike?

Mama Abuu 18:32
Waalaykum salaam. Usiniharakishe.

Idi 18:40
Sikilizeni. 1 Julai 1903, Montgeron, nje kidogo ya Paris, watu 60 wakaondoka mbele ya mkahawa. Hatua ya kwanza peke yake kilomita 467 mpaka Lyon, usiku kucha! Waliomaliza mzunguko wote wa nchi ni 21. Na yote hiyo ili gazeti la L'Auto limpige bao mpinzani wake sokoni.

Mjomba Saidi 18:44
Na wewe unauza gazeti gani?

Juma 18:44
Anauza soda. Kila mwaka kituo cha maji kiko mbele ya duka lake 😂😂

Mjomba Saidi 18:45
😂

Idi 18:47
Semeni tu. Mshindi alikuwa Garin, mtu aliyeanzia kazi ya kusafisha mabomba ya moshi. Alimwacha wa pili nyuma karibu saa tatu nzima.

Idi 19:20
Majina jamani!!!

Mjomba Saidi 19:58
Mimi goti.

Sele 20:15
Niandike kaka. Bingwa mtetezi 💪

Mama Abuu 20:15
Bingwa wa lori la pumba.

Sele 20:17
Dada, hayo si yaliisha?

Mama Abuu 20:17
Yaliisha kwako.

Idi 20:18
Tusirudi huko. Njia: tugeuzie darajani au tufike mnadani?

Juma 20:19
Ngoja kwanza Idi. Wafaransa wako mwaka uliofuata ilikuwaje?

Idi 20:26
...1904 iliharibika. Misumari barabarani. Karibu na Saint-Étienne, usiku, mashabiki waliwavamia akina Garin kwa marungu ili kijana wa kwao atangulie. Wengine walituhumiwa kuvutwa na magari, wengine kupanda treni. Desgrange mwenyewe, mwenye mbio, akaandika kwamba ndiyo basi tena.

Mama Abuu 20:27
Walioiba walifanywaje?

Idi 20:29
Wanne wa kwanza walifutwa wote, Garin akiwemo.

Mama Abuu 20:29
Lini?

Idi 20:31
Miezi minne baadaye.

Mama Abuu 20:31
Ushindi akapewa nani?

Idi 20:34
Henri Cornet. Alikuwa wa tano. Miaka 19.

Mama Abuu 20:34
Abuu ana 17 na alikuwa wa pili.

Juma 20:35
😂😂😂 Idi umejichimbia mwenyewe

Sele 20:38
Hilo lori nani aliliona? Ushahidi uko wapi?

Zena 20:52
Mimi nilikuwa juu ya pumba, Sele. Ulinipungia mkono.

Sele 20:55
Nilishika kidogo tu!! Mnyororo ulikuwa umetoka!

Idi 20:59
Mnyororo? 1913 mshiriki mmoja wa mbio hizo, Christophe, alivunjikiwa uma wa baiskeli milimani. Akatembea nayo zaidi ya kilomita 10 mpaka kwa mhunzi, akaufua mwenyewe, maana enzi hizo kusaidiwa kulikuwa mwiko. Mtoto alimvutia mvukuto tu, wakamwongezea dakika za adhabu.

Mjomba Saidi 21:01
Huyo mtoto alikuwa na pumba?

Juma 21:01
😂😂

Babu 21:40
Nimesoma yote. Sele, mbuzi aende kwa Abuu kabla ya Ijumaa.

Idi 21:52
Shikamoo Babu. Sawa Babu.

Mjomba Saidi 21:53
Shikamoo mzee.

Sele 22:10
Shikamoo Babu. Nimekusikia. Ila Babu, yule mbuzi tulishamla. Maini ulikula wewe.

Babu 22:14
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Abuu 22:15
Atanunua mwingine. Jike, tena mwenye mimba.

Sele 22:16
Mimba tena???

Idi 22:30
Basi mpaka sasa: Sele (?), Abuu (mama hajajibu), Mjomba goti. Darajani au mnadani? Na mwaka huu Zena akae barabarani awe mwamuzi.

Zena 22:31
Nalipwa?

Asha Mwanza 05:48
Assalam alaykum, ndio nafungua simu. Mbuzi yupi?